Saa Ubaoni: Jinsi Kasi Ilivyoibadili Sataranji

Sataranji haina dado za kurusha wala karata za kuficha. Kila kilichomo ubaoni huonwa na wachezaji wote wawili, na kwa karne nyingi tofauti pekee iliyokubalika baina yao ilikuwa uwezo wa kufikiri, pasipo mtu kuuliza fikra hiyo imechukua muda gani. Muda ulianza kuhesabiwa katikati ya karne ya 19, na wakati huo ulikusudiwa kulinda adabu ya mchezo, si kuamua mshindi. Hata hivyo, kadiri kipimo cha muda, yaani kiasi cha dakika anachopewa kila mchezaji kwa mchezo mzima au kwa idadi fulani ya hatua, kilivyozidi kupunguzwa, ndivyo saa ilivyogeuka kutoka chombo cha mwamuzi na kuwa mali ya mchezaji, ya kutunzwa, kutumiwa na kunyang'anywa. Sababu za kupunguza muda karibu zote zilitoka nje ya ubao: uchovu wa wapinzani na watazamaji, televisheni, kompyuta, na hatimaye maradhi. Matokeo yake, kinyume chake, yaliingia moja kwa moja katika swali la ndani kabisa la mchezo, nalo ni hatua ipi iitwe nzuri.

Kukaa bila kikomo, 1834–1867

Mwaka 1834 Mfaransa Louis-Charles Mahé de La Bourdonnais na Mwayalandi Alexander McDonnell walicheza jijini London mfululizo wa michezo 85 bila saa na bila kanuni yoyote ya muda. La Bourdonnais alicheza upesi, McDonnell alikuwa mzito wa kuamua, na hakukuwa na sheria ambayo mmoja angeweza kuishika dhidi ya mwenzake; uvumilivu ulikuwa sehemu ya gharama ya kucheza. Hali hiyo ilivumilika kwa watu wawili waliokutana kwa hiari yao, lakini ilianza kuleta shida pale sataranji ilipogeuka kuwa mashindano yenye ratiba, zawadi na wapinzani wa kupangiwa.

Shida hiyo ilijitokeza wazi katika mashindano ya kwanza ya kimataifa, yaliyofanyika London mwaka 1851 sambamba na Maonyesho Makubwa ya mwaka huo. Mshindi alikuwa Mjerumani Adolf Anderssen, lakini kilichodumu katika kumbukumbu karibu sawa na ushindi wake ni malalamiko ya Howard Staunton, mwandaaji na mchezaji mashuhuri wa Uingereza, dhidi ya mwenzake Elijah Williams, aliyekuwa akikaa muda mrefu mno kabla ya kusogeza kete. Staunton alishindwa na Williams katika pambano la nafasi ya tatu, hivyo lawama zake zinafaa kupokelewa kwa tahadhari. Hata hivyo hoja iliyokuwa ndani yake ilikuwa na uzito. Pasipo kikomo cha muda, anayekaa bila kucheza hapotezi kitu, ilhali anayengoja huchoka, hukasirika na hatimaye hukosea. Upole ulikuwa tayari ni silaha, na silaha hiyo haikuwa na kanuni.

Dawa za kwanza zilikuwa za kubahatisha. Katika pambano la Anderssen na Ignaz Kolisch mwaka 1861 kila mchezaji aliwekewa chupa ya mchanga na kutakiwa kukamilisha hatua 24 kwa saa mbili. Mmoja alipomaliza hatua yake, chupa yake ililazwa ubavu ili mchanga usimame, na ya mpinzani ikasimamishwa wima. Mwaka 1866, Anderssen alipokutana na Wilhelm Steinitz jijini London, saa zilichukua nafasi ya mchanga. Adhabu nazo zilitofautiana. Katika mashindano ya Paris ya mwaka 1867 aliyepitiliza muda wake hakupoteza mchezo, bali alitozwa faini ya faranga 5 kwa kila robo saa, na maana yake ni kwamba tajiri angeweza kununua fikra. Uamuzi wa kumnyima mchezo mtu aliyeishiwa muda, hata kama ubaoni anaongoza, ulipokubaliwa polepole katika miongo iliyofuata, ndipo saa ilipopata mamlaka ya kweli, kwa kuwa sasa kulikuwa na njia mbili za kushindwa: mfalme kunaswa au dakika kwisha.

Saa pacha na bahasha, 1883–1972

Chombo kilichofaa kutekeleza sheria hiyo kilionekana London mwaka 1883, katika mashindano aliyoyashinda Johannes Zukertort. Thomas Bright Wilson wa Manchester alibuni saa mbili zilizowekwa juu ya papi moja inayobembea: mchezaji alipokwisha cheza aliisukuma saa yake ishuke, nayo ikasimama, na ya mpinzani ikainuka wima na kuanza kutembea. Kipimo kilikuwa hatua 15 kwa saa. Baadaye papi iliondolewa na vibonye vikashika nafasi yake, na saa zikaongezewa kibendera kidogo kinachoinuliwa na mshale wa dakika kadiri saa inavyokaribia kutimia, kisha huanguka muda unapokwisha. Kibendera hicho kilimaliza mabishano kuhusu mshale umefika au haujafika, na kwa kufanya hivyo kiliwezesha jambo ambalo wabunifu hawakulifikiria, nalo ni kupima michezo ya dakika chache tu.

Kwa mchezo mzito, nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilituama kwenye kipimo cha hatua 40 kwa saa mbili na nusu, kile kilichotumika José Raúl Capablanca alipolipoteza taji la dunia kwa Alexander Alekhine huko Buenos Aires mwaka 1927. Kipimo hicho kilizaa hali mbili zilizoipa sataranji ya wakati huo sura yake.

Ya kwanza ni ufinyu wa muda karibu na hatua ya 40. Mchezaji mwenye kupenda kuchimba alitumia karibu muda wake wote kwa hatua 25 za mwanzo, kisha alijikuta na dakika chache kwa hatua 15 zilizobaki, na hapo makosa yalimiminika. Mjerumani Friedrich Sämisch alifikishwa mbali zaidi na tabia hiyo kuliko mtu yeyote anayejulikana: katika mashindano ya Linköping, Sweden, mwaka 1969, akiwa mzee wa miaka 70 na zaidi, alipoteza michezo yote 13 kwa kwisha muda. Mmarekani Samuel Reshevsky naye aliishi katika dakika za mwisho, ila yeye alijijengea ustadi wa kucheza humo, na wapinzani walioanza kumwigiza kasi wakati wao wenyewe walikuwa na saa nzima mkononi ndio mara nyingi walioanguka.

Ya pili ni mchezo kuahirishwa. Baada ya saa tano hivi mchezo ambao haujaisha ulisimamishwa: mchezaji mwenye zamu aliandika hatua yake kwa siri, akaitia katika bahasha, mwamuzi akaifunga, na mchezo ukaendelea siku nyingine. Usiku huo ulikuwa wa kazi. Katika Umoja wa Kisovyeti, ambako sataranji ilikuwa taasisi ya taifa, bingwa alikuwa na wasaidizi waliokesha wakipekua kila njia, na uchambuzi wa nyumbani ukawa fani yenye mabingwa wake, Mikhail Botvinnik akiwa mfano wa juu. Kwa hiyo fikra iliyohitajika katika mchezo mmoja haikuishia ukumbini. Iliendelea hotelini, na mara nyingine haikuwa ya mtu mmoja. Hata taji la dunia la mwaka 1972 huko Reykjavik lilimalizika hivyo: mchezo wa 21 uliahirishwa, na siku ya pili, tarehe 1 Septemba, Boris Spassky alisalimu amri kwa simu pasipo kurudi ubaoni, na Bobby Fischer akawa bingwa. Leo ni vigumu kwa mtazamaji kuelewa kwamba hilo lilionekana la kawaida.

Mchezo wa baada ya kazi, 1914–1970

Wakati huo wote mchezo wa kasi ulikuwepo, lakini ulihesabiwa kuwa burudani. Mwaka 1914 huko Berlin, Capablanca na bingwa wa dunia Emanuel Lasker walicheza michezo 10 kwa kipimo cha sekunde 5 kwa kila hatua, na Capablanca akashinda kwa pointi 6½ dhidi ya 3½. Taji la Lasker halikuguswa, wala hakuna aliyedai liguswe. Katika klabu za New York kengele ililia kila baada ya sekunde 10 na mwenye zamu alilazimika kusogeza kete papo hapo, si kabla wala si baada. Saa zenye kibendera zilipozoeleka, mchezo wa dakika 5 kwa kila upande, unaojulikana kwa jina la Kijerumani la blitzi, ulienea klabuni na bustanini, na gazeti la jioni la Moscow lilidhamini mashindano ya blitzi yaliyowavutia wakali kama Mikhail Tal, Tigran Petrosian na David Bronstein. Botvinnik, kwa upande wake, hakuuthamini mchezo huo, akiamini kwamba huzoesha akili kuridhika na kinachoonekana juujuu. Mtazamo wake ulikuwa ndio mtazamo rasmi wa wasomi wa mchezo.

Herceg Novi iliutikisa mtazamo huo. Mwezi Aprili 1970, mara tu baada ya pambano la Umoja wa Kisovyeti dhidi ya timu ya dunia nzima kumalizika Belgrade, wachezaji 12 walikusanyika katika mji huo wa pwani ya Yugoslavia kwa mashindano ya blitzi ya mizunguko miwili. Orodha ilikuwa nzito kuliko mashindano mengi ya kawaida: walikuwapo mabingwa wa dunia wa zamani Tal, Petrosian na Vasily Smyslov, pamoja na Viktor Korchnoi, Bronstein na Reshevsky. Fischer, aliyedhaniwa kuwa mchezaji wa kuchimba na si wa kukimbia, alipata pointi 19 katika michezo 22, pointi 4½ mbele ya Tal aliyeshika nafasi ya pili. Aliwafunga Tal, Petrosian na Smyslov mara mbili kila mmoja, na mchezo mmoja tu aliopoteza ulikuwa dhidi ya Korchnoi. Pengo hilo halikuelezeka kwa bahati wala kwa wepesi wa vidole. Lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya mchezaji mkuu haimo katika kuhesabu hatua moja baada ya nyingine, bali katika kile anachokiona kabla hajaanza kuhesabu.

Wanasaikolojia walikuwa wakielekea upande huohuo. Mholanzi Adriaan de Groot, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1946, alikuta kwamba wachezaji wakuu hawakuchunguza hatua nyingi zaidi kuliko wa kawaida, walichunguza zilizofaa. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walionyesha kwamba bingwa aliyeangalia ubao kwa sekunde chache aliweza kuupanga upya kwa kumbukumbu ikiwa kete zilitoka katika mchezo wa kweli, lakini kete zilipotawanywa ovyo ubora wake ulitoweka. Kwa maneno mengine, akili yake ilikuwa na hazina ya maumbo yanayojulikana, na umbo likishajulikana hatua inayolifaa hujileta yenyewe. Utafiti wa Bruce Burns uliotoka mwaka 2004 ulikadiria kwamba hadi asilimia 81 ya tofauti za uwezo baina ya wachezaji huweza kuelezwa na jinsi wanavyocheza blitzi. Wengine waliojibu mwaka 2007 walisisitiza kwamba fikra ya polepole bado ina sehemu yake, na kwamba dakika zikipungua mchezaji hodari hupoteza sehemu ya ubora wake juu ya dhaifu. Pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kwa kuwa hazijibu swali moja: kasi huwaacha wachezaji karibu katika mpangilio uleule, lakini michezo wanayoicheza si ileile.

Televisheni na mashine, 1987–1997

Msukumo wa kuutoa mchezo wa haraka kwenye meza za klabu na kuuweka jukwaani ulitoka kwa kamera. Mchezo wa saa tano ulikuwa haufai kuonyeshwa, na mwaka 1987 bingwa wa dunia Garry Kasparov na Nigel Short walicheza katika ukumbi wa burudani wa Hippodrome, London, michezo sita ya dakika 25 kwa kila upande, Kasparov akashinda 4–2. Mwaka uliofuata Shirikisho la Sataranji la Kimataifa, FIDE, lilitambua mchezo wa nusu saa kwa mashindano ya dunia huko Mazatlán, Mexico, ambako Anatoly Karpov alitwaa ubingwa. Na huko Saint John, Canada, Tal mwenye miaka 51, akiwa na afya mbovu, alichukua ubingwa wa dunia wa blitzi ilhali Kasparov na Karpov wote walitolewa kabla ya fainali. Tangu 1992 tajiri wa Kiholanzi Joop van Oosterom aliwakusanya wachezaji wakubwa kila mwaka kwa mashindano ya Melody Amber, yaliyofanyika zaidi Monaco, ya mchezo wa haraka na wa kutotazama ubao. Fedha zilikuwa nzuri, na dharau ya zamani ilianza kulegea pale ilipokutana na fedha hizo.

Mashine nazo zilisukuma upande uleule, kwa njia mbili. Kwanza, ziliua bahasha. Mara kompyuta ilipoweza kuchambua nafasi iliyoahirishwa vizuri kuliko kundi la wasaidizi, mchezo ulioendelea kesho yake ulikuwa umekwisha kuwa mchezo wa mashine, na katika miaka ya 1990 uahirishaji ulifutwa. Mchezo sasa ulilazimika kumalizika katika kikao kimoja, na ili umalizike ilibidi sehemu yake ya mwisho ichezwe kwa dakika chache, hata katika kile kilichoendelea kuitwa sataranji ya kawaida. Hasara yake haikuwa ndogo, kwa kuwa kete zinapobaki chache mchezo hudai usahihi wa hali ya juu, na ni sehemu hiyo hasa iliyonyang'anywa muda.

Pili, mashine zilifichua udhaifu wa binadamu mwenye haraka. Mwezi Mei 1994 programu ya Fritz ililingana na Kasparov kwa pointi katika mashindano ya blitzi huko Munich. Miezi mitatu baadaye, katika mashindano ya mchezo wa haraka yaliyodhaminiwa na Intel jijini London, programu ya Chess Genius ilimtoa bingwa huyo katika raundi ya kwanza. Katika mchezo wa muda mrefu binadamu aliendelea kustahimili kidogo: Kasparov aliishinda Deep Blue ya IBM mwaka 1996 kabla ya kushindwa nayo mwaka 1997. Binadamu alipitwa kwanza pale alipokuwa na dakika chache, kwa sababu mashine haina ufinyu wa muda kwa maana ya kibinadamu; hupunguza tu kina cha kutafuta, wala mkono wake hautetemeki.

Sekunde zinazorudishwa, 1988–1992

Ubunifu mkubwa kabisa wa zama hizo ulitoka kwa Fischer mwenyewe, aliyekuwa hajacheza hadharani tangu 1972. Aliomba hataza ya saa ya kidijiti mwaka 1988, akaipata Marekani mwaka uliofuata, na akaitumia katika pambano lake la marudiano na Spassky huko Sveti Stefan na Belgrade mwaka 1992. Saa hiyo humwongezea mchezaji kiasi fulani cha sekunde kila anapokamilisha hatua. Mwenye sekunde 3 zilizobaki akicheza hatua katika kipimo chenye nyongeza ya sekunde 30 hujikuta na sekunde 30 na ushei, na kwa hiyo kamwe halazimiki kusogeza kete pasipo kuitazama.

Kasoro aliyokusudia kuiondoa ilikuwa ya kweli. Katika saa ya zamani mchezaji mwenye ushindi wa wazi aliweza kupoteza kwa sababu mkono haukuwahi kibonye, na mpinzani wake, akiwa hana tumaini lolote ubaoni, alichofanya ni kuzungusha mfalme wake huku na huku akingoja kibendera kianguke. FIDE ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kanuni: aliyebakiwa na chini ya dakika mbili aliruhusiwa kusimamisha saa na kumwomba mwamuzi atangaze sare, kwa hoja kwamba mpinzani hafanyi juhudi yoyote ya kushinda kwa njia za kawaida. Mwamuzi aliwekwa mahali pa kuhukumu nia, na mabishano hayakwisha. Nyongeza ya Fischer iliyafanya mengi ya mabishano hayo yasiwe na maana. Bronstein alikuwa na pendekezo linalofanana nayo, ambapo saa humrudishia mchezaji muda alioutumia hadi kikomo fulani bila kumlimbikizia. Lakini saa ya Fischer ilifungua pia mlango wa upande mwingine, kwa sababu waandaaji walipoona kwamba nyongeza inazuia fedheha za sekunde za mwisho walipata ujasiri wa kupunguza dakika za msingi.

Taji mikononi mwa dakika 25, 1998–2024

Ubingwa wa dunia wenyewe uliguswa mara tu FIDE, chini ya rais wake Kirsan Ilyumzhinov, ilipoanzisha mashindano ya mtoano, ambamo sare zilivunjwa kwa michezo ya haraka. Fainali ya kwanza, Lausanne mwanzoni mwa 1998, iliisha 3–3 baina ya Karpov na Viswanathan Anand, na Karpov akashinda michezo miwili ya haraka. Shirikisho lilipoendelea na kufupisha hata michezo ya kawaida, Kasparov, Karpov na Vladimir Kramnik, watu ambao hawakupatana kwa mambo mengi, walitia saini pamoja waraka wa kupinga mwaka 2001. Upinzani wao ulifanikiwa kwa kiasi: muda mrefu ulirudishwa katika mapambano ya taji, lakini kivunja-sare cha haraka kilibaki, na mataji ya 2006, 2012, 2016, 2018 na 2023 yote yaliamuliwa nacho.

Athari yake kubwa haikuwa katika siku ya kivunja-sare bali katika siku zilizoitangulia. London, Novemba 2018, bingwa Magnus Carlsen na mpinzani wake Fabiano Caruana walikuwa wametoka sare mara 11 katika pambano la taji. Katika mchezo wa 12 Carlsen alikuwa na kete nyeusi, nafasi bora na muda mwingi zaidi, na kwa mantiki yoyote ya zamani alipaswa kuendelea kubana. Badala yake aliomba sare katika hatua ya 31. Viwango vyao vilieleza sababu. Katika mchezo wa muda mrefu alimzidi Caruana kwa pointi 3 tu, katika mchezo wa haraka kwa pointi takribani 90, na siku mbili baadaye alishinda michezo mitatu mfululizo ya haraka. Wengi walimlaumu kwa woga, lakini hesabu yake haikuwa na kasoro: mchezo wa haraka ambao haujachezwa ulikuwa tayari na thamani ubaoni, kama ngome ya ziada. Singapore, Desemba 2024, hesabu ya aina hiyo ilimgeukia Ding Liren. Katika mchezo wa 14 na wa mwisho dhidi ya kijana wa India Gukesh Dommaraju alikuwa akipunguza kete kuelekea sare na kivunja-sare ambacho wachambuzi wengi waliona kingempa nafasi nzuri, na katika hatua ya 55, akiwa na dakika chache, akatoa ngome zibadilishwe mahali ambapo mabadilishano hayo yalimpotezea taji.

Ding huyohuyo ndiye aliyetoa, mwaka mmoja na nusu nyuma, mfano bora wa kile ambacho kasi huzaa. Astana, Aprili 2023, alikuwa 7–7 na Ian Nepomniachtchi, na michezo mitatu ya haraka ya dakika 25 na nyongeza ya sekunde 10 ilikuwa sare. Katika wa nne, Ding mwenye kete nyeusi alitishiwa mfalme na malkia wa mpinzani, na njia rahisi ilikuwa kumsogeza mfalme na kurudia nafasi hadi sare. Alikuwa na chini ya dakika mbili. Akaitia ngome yake katikati yao, mahali ambapo haikuweza kutoka bila kumwacha mfalme wazi, akajifunga mwenyewe kwa hiari ili askari wake wa upande wa malkia wapate kutembea. Mwenye saa nzima huenda angezitazama hatari zote za uamuzi huo na kuogopa. Mwenye dakika mbili aliiamini picha aliyoiona, na mpinzani, mwenye uhaba uleule, hakupata muda wa kuikanusha. Hatua nzuri katika mchezo wa haraka ni ile inayompa mpinzani tatizo ambalo saa yake haitoshi kulitatua, hata kama siku ya pili mashine italitatua kwa nukta.

Dakika moja mtandaoni, tangu 1992

Seva ya kwanza ya sataranji katika intaneti ilifunguliwa mwaka 1992, na tatizo lake la mwanzo lilikuwa la muda: ujumbe uliochelewa njiani ulimla mchezaji sekunde ambazo hakuzitumia. Ufumbuzi ulikuwa programu ndogo iliyopima muda kwenye kompyuta ya mchezaji mwenyewe na kuuambatanisha na hatua. Mara saa ilipoweza kuaminika, mchezo wa dakika moja kwa kila upande, ujulikanao kama buleti, ukawezekana, na pamoja nao hatua ya kutanguliza, yaani mchezaji huagiza jibu lake kabla mpinzani hajacheza, na kompyuta hulitekeleza papo hapo. Jambo hili halina mfano katika historia yote iliyotangulia, kwa maana zamu, msingi wa mchezo tangu asili yake, imelegezwa: mtu hucheza dhidi ya hatua anayoikisia. Mwenye kuisoma vizuri nia ya mpinzani wake hutumia karibu muda sifuri, na mwenye kukosea humkabidhi malkia wake bila kinga. Mmarekani Hikaru Nakamura alijenga sehemu kubwa ya umaarufu wake humo, na mwaka 2009, pamoja na Bruce Harper, alitoa kitabu kizima kuhusu mchezo wa dakika moja.

FIDE ilianza kutoa viwango tofauti vya mchezo wa haraka na wa blitzi mwaka 2012, na Dubai, mwaka 2014, Carlsen akawa mtu wa kwanza kushika mataji yote matatu kwa wakati mmoja. Kisha UVIKO-19 ukalifunga lango la kumbi. Mashindano ya Yekaterinburg ya kumtafuta mpinzani wa bingwa yalikatishwa nusu njia tarehe 26 Machi 2020, na chini ya mwezi mmoja baadaye wachezaji wanane wakubwa walikuwa wakishindana majumbani mwao kwa michezo ya dakika 15, wakigombea dola 250,000. Mchezo wa muda mrefu haukufaa kuhamia huko, kwanza kwa kuwa watazamaji wa mtandaoni hawakai saa sita, na pili kwa kuwa dakika nyingi humpa mdanganyifu nafasi ya kushauriana na mashine. Mwezi Julai 2022 Carlsen alitangaza kwamba hatatetea taji lake la muda mrefu, akieleza kutokuwa na hamasa nalo, na akaendelea kucheza karibu kila aina ya mchezo wa kasi.

Riyadh, Saudia, mwishoni mwa Julai 2025, sataranji iliingizwa kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la michezo ya kompyuta, lenye jina la Esports World Cup, kwa zawadi za jumla ya dola milioni 1.5. Kipimo kilichochaguliwa kilikuwa dakika 10 kwa kila upande, bila nyongeza hata ya sekunde moja. Ulinzi ambao Fischer aliubuni ili mwenye ushindi asiporwe na kibendera uliondolewa kwa makusudi, kwa kuwa katika ukumbi wa aina ile dakika ya mwisho isiyo na wokovu ndiyo inayojaza viti, na Carlsen, aliyemshinda Alireza Firouzja katika fainali, ndiye aliyeondoka na kombe.